Kigurudumu cha Uzi Kikibaki Kitupu: Historia Yake, na Kazi Zake kwa Bi Harusi



Msimu wa harusi ukishapita, chini ya meza za sisi mafundi hubaki vitu viwili: vipande vya kitambaa na vigurudumu vitupu vya uzi. Vipande vina wenyewe. Kuna anayevitia kwenye mito, kuna watoto wanaovigombania kwa nguo za madoli. Vigurudumu havina mwenyewe. Vinafagiliwa, vinaingia kwenye kiroba, kiroba kinakwenda jaani, na mvua kubwa ya masika ikija vinakwenda pwani pamoja na chupa na ndara. Harusi moja tu yenye gauni la bi harusi, sare za mashangazi na sare za marafiki inaweza kuniachia vigurudumu thelathini, na hapo sijahesabu koni za ovaloki.

Watu wengi huniuliza vinafaa kwa nini. Nitajibu, lakini kwanza nataka mjue kimetoka wapi, kwa sababu mimi mwenyewe nilipojua sikuweza tena kukitupa kirahisi.

Zamani uzi wa kushonea haukuwa na kigurudumu. Uliuzwa umekunjwa kwa mafundo marefu, kama nywele zilizosukwa msuko mmoja, na mwanamke akifika nyumbani ndiye anayehangaika kuukunja kwenye kijiti, kwenye kadi au kuufanya kidonge. Na uzi mzuri wa wakati ule Ulaya ulikuwa wa kitani au wa hariri. Pamba ilionekana dhaifu, haifai kushonea.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya vita. Mwaka 1806 Napoleon wa Ufaransa alifunga bandari za Ulaya zisifanye biashara na Waingereza. Uskoti kuna mji unaitwa Paisley, karibu na Glasgow, na watu wake walikuwa wafumaji wa shali. Mitambo yao ilihitaji nyuzi imara za hariri, zile zinazoinua na kushusha nyuzi za kitambaa ili mchanganyiko wa rangi utokee, na hariri hiyo ilipitia Hamburg. Hariri ikakatika. Patrick Clark, wa ukoo uliokuwa ukiuza vifaa vya wafumaji, akajaribu kusokota pamba kwa namna mpya mpaka ikawa laini na imara kama hariri. Ilifaa mitambo, kisha wakagundua inafaa sindano pia. Mwaka 1812 ukoo wa Clark ukafungua kiwanda cha uzi wa pamba hapo hapo Paisley.

Sasa sikilizeni sehemu niipendayo mimi. Wateja wa Clark walikuwa wanawake wanaonunua uzi kidogo kidogo. James Clark akaanza kuwakunjia uzi kwenye kigurudumu cha mbao, wapate urahisi nyumbani. Kigurudumu kilikuwa na bei yake: nusu peni. Na mteja akimaliza uzi, akirudisha kigurudumu kitupu, alirudishiwa nusu peni yake.

Pauni moja ya wakati ule ilikuwa na peni 240, kwa hiyo nusu peni ni fungu moja katika mafungu 480 ya pauni. Kidogo, ndiyo. Lakini muuzaji alikitaka kitu chake, na mnunuzi alikitaka kirudi kwa sababu ana pesa yake ndani. Kigurudumu cha kwanza kabisa cha uzi, basi, hakikuwa takataka hata siku moja. Kilikwenda na kurudi kama chupa ya soda kwa mwenye duka. Tunapokaa leo kutafuta ubunifu wa kutumia vigurudumu vitupu tunadhani tumevumbua jambo, kumbe ndivyo vilivyoanza.

Na Paisley hawako mbali nasi kama mnavyofikiri. Zile shali walizofuma ziliiga shali za Kashmir, zenye lile ua lililopinda ncha kama tone la maji. Waingereza wakaliita ua hilo kwa jina la mji, Paisley, ingawa asili yake ni Uajemi na Bara Hindi. Sisi tunalijua tangu utotoni, tunaliita korosho. Fungueni kabati, angalieni kanga zenu, hamtakosa korosho hata moja. Mwanamke wa Unguja aliyejifunga kanga ya korosho na kushika kigurudumu cha uzi amebeba vitu viwili vinavyokutana kwenye mji mmoja wa Uskoti ambao hajawahi kuusikia.

Kanga yenyewe, kabla haijachapwa, ilianza kwa sindano na uzi. Wazee wanasimulia, na wanaoandika historia ya kanga wanasema hivyo hivyo, kwamba wanawake wa pwani katika karne ya 19 walinunua leso za mraba zikiwa bado hazijakatwa, wakachukua sita, tatu juu na tatu chini, wakaziunganisha kwa kushona zikawa nguo moja kubwa. Ndiyo maana Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Baadaye wafanyabiashara wakaona bora kuichapa nzima. Mshono ule wa mkono ukapotea, jina likabaki.

Vigurudumu vya mbao vilitengenezwa kwa kukereza, kazi ile ile ya miguu ya samadari zetu. Mti uliopendwa ulikuwa ule wa nchi za baridi wenye gome jeupe, kwa sababu haupasuki na hauna utomvu wa kuchafua uzi. Huko Marekani, jimbo la Maine lilikuwa na misitu yake, na mbao zilikatwa vipande na kupelekwa kwa meli mpaka Uskoti kukerezwa. Kaskazini mwa Uingereza kuna kiwanda kimoja, Stott Park, kilichofunguliwa mwaka 1835. Kilipokuwa kwenye nguvu zake kilitoa vigurudumu na vijiti vya kukunjia uzi robo milioni kwa wiki. Kilifungwa mwaka 1971 na sasa ni makumbusho. Wengi wa waliofanya kazi humo walikuwa wavulana, baadhi yao mayatima na watoto wa maskini waliochukuliwa kwenye nyumba za kulelea. Vumbi la mbao lilijaa chumba kizima. Kitu kidogo namna hii, lakini kina mapafu ya mtoto wa mtu ndani yake.

Wasichana nao walikuwa Paisley. Baada ya ukoo wa Clark ulikuja ukoo wa Coats, ulioanza uzi mwaka 1826, wakashindana miaka mingi mpaka wakaungana mwaka 1896. Viwanda vyao viwili vikubwa viliajiri watu kama 10,000, wengi wao wanawake. Wasichana wadogo walisoma skuli nusu siku na kusimama kwenye mashine nusu nyingine. Kama umewahi kushika uzi wa kudarizi wenye alama ya nanga, nanga ile ni ya kiwanda cha Clark. Kiwanda cha mwisho cha Paisley kilifungwa mwaka 1993. Uzi sasa unasokotwa kwingine, na mikono inayousokota ni ya wanawake wengine.

Cherehani ndiyo iliyovifanya vigurudumu kuwa vingi mno. Elias Howe alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1846, Isaac Singer mwaka 1851, na mashine ikaanza kula uzi kuliko mkono ulivyowahi kula. Uzi wa zamani uliopakwa nta haukupita vizuri kwenye mashine, ulikatika. Ndipo George Clark, wa ukoo ule ule, akafungua kiwanda Newark, Marekani, miaka ya 1860, kutengeneza uzi laini wa nyuzi sita zilizosokotwa pamoja. Mji wa Willimantic, jimbo la Connecticut, nao uliishi kwa uzi kiasi kwamba unaitwa Mji wa Uzi, na daraja lao lililofunguliwa mwaka 2000 lina vigurudumu vikubwa vya zege na juu yake wamekaa vyura. (Habari ya vyura ni kisa kirefu cha kwao, tuwaachie wenyewe.)

Kwetu Unguja, Wamarekani wa wakati huo tuliwajua kwa kitambaa. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na meli za Salem zikawa zinaleta ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi ambayo mpaka leo jina lake ni merikani. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, vikaikata biashara hiyo kama vita vya Napoleon vilivyokata hariri ya Paisley. Ukifuata uzi, huendi mbali hujakutana na vita.

Vigurudumu vilipokuwa vingi, ile nusu peni ikasahauliwa. Hakuna aliyevidai tena. Hapo ndipo wanawake na watoto walipovichukua. Nazijua kazi tatu zilizoenea sana.

Ya kwanza ni kufuma kwenye kigurudumu. Unapigilia misumari midogo minne kuzunguka tundu, unapitisha uzi katikati, unauzungusha kwenye misumari, kisha kwa sindano unavusha uzi wa chini juu ya wa juu, msumari mmoja baada ya mwingine. Kwa chini kunatoka kamba ya mviringo. Ulaya watoto wengi walijifunza kufuma kwa njia hii kabla ya kupewa sindano za kufumia, na Wajerumani wana jina la kike kabisa la kifaa hicho, Strickliesel. Ni kazi polepole, nzuri kwa mtoto wa kike asiyetulia.

Ya pili ni ya wavulana. Unapitisha mpira ndani ya tundu, upande mmoja unaukaza kwa kipande cha njiti, upande wa pili unaweka kipande cha mshumaa au sabuni chenye tundu, halafu kijiti kirefu. Ukizungusha kijiti mpira unajikaza, ukikiweka chini kigurudumu kinatambaa chenyewe kama kifaru cha vita. Kile kipande cha mshumaa ndicho siri, kinaufanya mpira ujifungue taratibu badala ya kufyatuka.

Ya tatu ni samani. Uchumi wa dunia ulipoanguka mwaka 1929 na watu Marekani wakakosa kazi, wanawake walikusanya vigurudumu vya miaka, wakavipanga kimoja juu ya kingine, wakapitisha waya au kamba katikati, vikawa miguu ya meza ndogo na nguzo za rafu. Magazeti ya akina mama yakachapa maelekezo. Umbo lenyewe lilikuwa tayari linapendwa, kwa sababu tangu karne ya 19 kulikuwa na vitanda vyenye nguzo zilizokerezwa vifundo vifundo kama vigurudumu vilivyopangwa. Anayeijua samadari ya bibi yake hatashangaa.

Halafu ikaja plastiki. Kufika miaka ya 1970 vigurudumu vya mbao vilikuwa vimekaribia kwisha madukani. Plastiki ni nyepesi, ya bei rahisi, haipasuki. Lakini huwezi kupigilia msumari, huwezi kuichongea mtoto, na haiozi. Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, mapema kuliko bara, waliofika huko mwaka 2019. Jambo la fahari. Kigurudumu cha uzi lakini si mfuko, sheria haikigusi, kwa hiyo kimebaki kwetu sisi wenyewe.

Kabla sijafika kwenye kazi zake, kuna swali ambalo mafundi hatupendi kuulizwa: kigurudumu kilichobaki ni cha nani?

Ukininunulia uzi wewe mwenyewe, ukaniletea na kitambaa chako, basi kitambaa kinachobaki ni chako, uzi unaobaki ni wako, na kigurudumu ni chako. Si langu mpaka uniachie. Hili si jambo dogo katika dini yetu. Wasimamizi wa masoko katika miji ya Kiislamu zamani, wale walioitwa muhtasib, walikuwa na vitabu vya kazi yao, na kimoja kinachojulikana ni cha al-Shayzari wa Sham, karne ya 12. Mafundi wa nguo wamo humo. Kitambaa cha thamani kama hariri kinatakiwa kipimwe kwenye mizani fundi anapokipokea, na nguo ikishashonwa irudishwe kwa uzito ule ule. Miaka zaidi ya 800 iliyopita watu walishajua fundi anakoficha vipande. Mimi nina maoni yangu: bi harusi anapokuja kuchukua nguo, mpe mfuko wake wa masalia ukiwa umefungwa, mwenyewe aseme chukua au tupa. Wengi watasema chukua. Lakini wameulizwa.

Na ubadhirifu mnaujua ulivyosemwa katika Surat al-Israa, sina haja ya kurudia. Nitaongeza tu kwamba katika Surat an-Nahl, aya ya 92, mfano uliotolewa kwa wanaovunja ahadi ni wa mwanamke anayeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Mwenyezi Mungu angeweza kupiga mfano wa kitu chochote. Kazi ya mikono ya mwanamke imo ndani ya Qur'ani, na anayeiharibu analaumiwa.

Sasa kazi za hivi vya plastiki. Sitawaletea mambo arobaini ya kwenye video ambayo nusu yake ni gundi na pambo tu. Nawapa niliyoyafanya yakakaa.

Karafuu kwenye sanduku la bi harusi. Hii ndiyo bora. Chukua kigurudumu chenye tundu pana, kioshe, kikauke. Ziba upande mmoja kwa kiduara cha kitambaa chepesi kinachopumua, jaza tundu karafuu kavu, ziba upande wa pili. Kisha zungushia ukanda wa kanga au lesi iliyobaki kwenye gauni lake, pale ulipokuwa uzi. Kiweke kati ya nguo. Nguo hazishiki harufu ya uvundo wakati wa mvua, na wadudu hawaipendi karafuu. Angalia tu karafuu zisiguse kitambaa cheupe moja kwa moja, zina mafuta, zinaacha doa. Harufu ikififia fungua upande mmoja, badilisha. Nikishona shela naweka viwili, na mama wa bi harusi huwa ndiye anayeviulizia kwanza.

Vishikio vya majina siku ya hina. Wageni wa kike wakikaa kwa meza, kigurudumu kilichovikwa kipande cha sare kinasimama vizuri, na ukikata mpasuko mdogo juu, kadi inaingia. Usinunue vishikio vya dhahabu bandia kutoka nje kwa pesa ambayo ungeongeza kwenye chakula. Nawaambia wateja wangu wazi: hiyo ndiyo sehemu ya harusi ambayo hakuna anayeikumbuka. Pilau wanaikumbuka.

Chapa ya karatasi za zawadi. Geuza kigurudumu utazame uso wake wa chini: vingi vina mistari inayotoka katikati kama miale. Chovya kwenye rangi kidogo, gonga kwenye karatasi ya kaki, linatoka ua. Gonga mstari mzima. Watoto wataimaliza kazi hiyo jioni moja.

Kukunjia nyuzi za kofia. Wanaoshona kofia za viua wanajua tabu ya uzi kujifunga mafundo. Utepe, lesi na shanga zilizokwisha tungwa pia hukaa vizuri humo, ncha ikibanwa kwenye ule mpasuko wa pembeni ambao kigurudumu huja nao.

Kufuma kamba kama Strickliesel inawezekana kwa plastiki, ila badala ya misumari gundisha vijiti vinne vya meno vilivyokatwa ncha na uache gundi ikauke siku nzima. Kamba inayotoka nimeitumia kwa mpini wa kimkoba cha mahari, na ikapendeza kuliko nilivyotarajia.

Jambo moja nakataa kabisa: kuweka udi au mshumaa kwenye kigurudumu cha plastiki. Nimeona picha zake, na bi harusi aliyepakwa mafuta na kuvaa nailoni ndiye anayekaa karibu. Plastiki inayeyuka, inawaka, moshi wake mbaya. Chetezo kipo.

Koni kubwa za ovaloki ni tabu kidogo, nyingi naziona zinafaa kama faneli ya kumiminia mafuta ya nazi, ukishakata ncha na kuziosha.

Kwangu nimeanzisha ile habari ya Clark kwa namna yangu. Anayeniletea vigurudumu vitupu ishirini, vya uzi wowote, namkata shilingi mia tano kwenye bei ya ushonaji. Vinavyozidi nawapa walimu wa chekechea, wanafundishia kuhesabu. Vya mbao, kama unavyo kwenye droo ya cherehani ya bibi yako, usiniletee mimi. Vifute vumbi, uviweke.